Leseni ya Ofisi, Diski ya Nyumbani

Kijiwe chetu kina benchi moja, birika moja la kahawa na fundi kompyuta mmoja, ambaye ni mimi. Shule niliiacha darasa la sita na hakuna mwalimu aliyelia. Wananiita Injinia. Leo ni siku ya tatu nimepakata laptopu ya mwalimu wa kwaya. Mzee kapooza mkono, kuandika hawezi tena, na nyimbo alizotunga miaka kumi na tisa zimo humo tu. Mashine iligoma kuwaka, nikaamua kuipiga windo upya, yaani kuipandikiza programu mpya ya kuiendesha. Binti yake kaniletea diski mbili na vibandiko vitatu vya namba za leseni, vimechakaa kama tiketi za basi. Kila namba ninayoingiza, inakataliwa.

— Imekataa tena, nikasema.

— Hiyo B au nane? akauliza Kinyozi, mwenye saluni ya jirani.

— Ni B.

— Jana ulisema nane.

— Jana kulikuwa na mawingu.

Breki, dereva mstaafu, akasogea.

— Diski zimeandikwaje?

— Moja Nyumbani, moja Ofisi. Namba ya ofisi haifungui diski ya nyumbani.

— Si ndiyo hapo! Chanda chema huvikwa pete. Diski ina mume wake, wewe unaiozesha waume za watu.

— Breki, hapa si harusini, nikasema.

— Nimeendesha lori miaka thelathini, kijana. Ufunguo ukigoma, unaupaka mate.

— Akili ni nywele, akadakia Kinyozi, na nywele za mtaa huu nazijua mimi. Namba inamtambua mnunuzi. Lazima aiandike kwa mkono wake mwenyewe.

— Mkono wenyewe ndio uliopooza, nikasema.

 

Breki akavaa miwani, akakichukua kibandiko cha mwisho.

— Hii si B wala nane. Ni R, gundi imeifunga miguu.

Nikaingiza diski ya Ofisi, nikaandika R. Mashine ikafikiri, ikafikiri. Ikakubali!

— Niiteni Profesa! nikapiga kelele. Kinyozi akacheza na taulo begani.

Binti wa mwalimu akafika tukiwa bado tunapongezana.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu, akajibu Breki. Mashine yenu imepona.

Binti akainama mbele ya kioo kinachong'aa.

— Asante, kaka. Nyimbo za baba ziko wapi?

Nikafungua folda. Tupu. Nyingine. Tupu. Siku ile ya kwanza, nilipoingiza diski, mashine iliniuliza kama nifute kila kitu. Nilibonyeza ndiyo bila kusoma. Mimi na kusoma tuliachana zamani.

— Baba hataki zote leo, akasema binti. Anataka ule aliomtungia mama. Maneno yake yamemtoka kichwani.

Kinyozi akamtazama Breki. Breki akavua miwani.

— Kaka? Anasubiri kitandani. Nikamwambie nini?