Bwana Moffat, Aliyekamua Filamu Zetu Zikakauka

Na Gaceri Kaberia, mapokezi

Tarehe 30 Juni 1999 Bwana Moffat Wamae anastaafu, baada ya miaka ishirini na sita katika kituo cha mafunzo cha chama chetu cha wafugaji hapa Nyeri. Mengi yatasemwa kumhusu leo, na mengine yatakuwa ya kweli.

Alianza na projekta, akionyesha filamu za ufugaji kuanzia Kiriaini hadi Kerugoya. Hapo hatuna neno. Kisha zikaja kanda za video. Ukitaka pale ng'ombe anapodungwa sindano, unapeleka kanda mbele, unafika. Mambo rahisi namna hiyo yalimchosha mheshimiwa.

Mwaka 1997 tulipata kompyuta, na mzee akapandwa na kichaa cha kubana filamu. Mwenyewe kazi hiyo aliiita kukamua. Ati kwa nini diski ihifadhi kila picha, na ng'ombe amesimama tu palepale? Ihifadhi picha moja nzima, halafu ikumbuke kilichobadilika tu. Wazo lenyewe si baya, lakini Bwana Moffat hajui kutosheka. Ili filamu zetu zote zienee kwenye diski moja, aliacha picha nzima chache mno. Ukijaribu kurukia katikati, mashine haina picha ya kuanzia. Inakupa miraba miraba, na kichwa cha ng'ombe kwenye mabega ya daktari. Kanda za zamani alizitupa zote. Tena alipigiwa makofi!

Aprili mwaka jana Mama Watiri wa Tetu alikuja mbio. Mtamba wake, ng'ombe pekee aliyekuwa naye, alikuwa amekwama akizaa, mguu wa ndama umejikunja ndani. Daktari wa mifugo alikuwa Kerugoya. Mama alitaka kuona tu pale mguu unaponyooshwa. Bwana Moffat akaruka mbele, miraba. Akaruka tena, miraba. Basi akaanza diski mwanzo, na sisi, jameni, tukakaa kusikiliza hotuba ya mwenyekiti wa chama inayofungua diski, huku mama amesimama mlangoni akilia. Filamu ilipofika kwenye mguu, alikuwa ameshaondoka. Siku hiyo alipoteza ndama na ng'ombe.

Bwana Moffat alisema kosa ni la kompyuta, ati iko na kasi ndogo.

Asante kwa utumishi, Bwana Moffat, na kwa ile chai uliyotununulia mara moja. Tunakuombea afya na uzee mtulivu. Sasa nafasi utakuwa nayo, na njia ya Tetu unaijua. Nenda ukampe Mama Watiri pole, maana hadi leo hujampa.