Memori Zote Nzima

Ndani ya basi, mwalimu mstaafu alikuwa amefungua gazeti kwa heshima tu. Masikio yake yalikuwa kiti cha mbele. Hapo fundi wa kompyuta alikuwa akimweleza jirani yake, mama mmoja fundi wa mafriji, kwamba seva ya maabara ya hospitali inazimika yenyewe kila alasiri na kupoteza majibu ya wagonjwa.

"Kosa ni la programu," alisema, akipigapiga bahasha. "Ripoti hii hapa, naipeleka hospitali. Aliyeiandika programu hiyo anaachishwa kazi leo. Vipande vya memori nimevipima mwenyewe, vyote vizima."

"Ulivipima saa ngapi, kaka?"

"Asubuhi. Nilifungua kifuniko, nikaweka na feni pembeni, maana chumba kile ni tanuri."

Mama alicheka mpaka spana zikalia kwenye sanduku lake la vifaa. "Hapo umempima mtu homa akiwa ndani ya maji baridi. Funga kifuniko, ngoja jua likolee, ndipo upime."

"Dada, kompyuta si friji."

"Joto ni joto."

Mwalimu alitamani kumpa mama huyo alama zote, ila hakuna aliyemuuliza.

Fundi wa kompyuta aliigeuzageuza bahasha mwendo wa vituo viwili. "Lakini nimeshatia sahihi," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini.

"Bahasha umeshaifunga?"

"Bado."

Basi likasimama mbele ya hospitali, mlango ukafunguka, na dereva akauliza mara mbili ni nani aliyesema anashuka hapa.