Dada Taratibu, Mchongaji wa Opali ya Bluu

Ndugu wafiwa, majirani, na nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kusimama nasi, mimi ni mdogo wake marehemu wa kumfuata, familia imeniomba niwasomee maisha yake, nitasoma polepole, na nikikwama mnivumilie.

Dada yetu alizaliwa Ijumaa, tarehe 3 Agosti 1956, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa kwanza wa baba yetu seremala na mama yetu mshonaji. Alianza shule ya msingi ng'ambo ya reli mwaka 1964, akamaliza 1970, akaingia sekondari, lakini mwaka 1972 mama alipolazwa kitandani na mgongo, dada aliacha masomo akiwa kidato cha pili ili atulee, na sisi wadogo, kwa ujinga wetu, tulidhani anapenda tu kukaa nyumbani.

Tarehe 4 Machi 1974 aliingia katika karakana ya mchongaji wa mawe ya vito, mzee ambaye mafundi walimwita Lenzi, kwa kuwa kioo cha kukuzia hakikumtoka jichoni hata akila. Mzee huyo alimfundisha kuchonga opali ya bluu, jiwe laini lenye maji ndani yake, akamfundisha majani, maua na samaki wadogo wa kuning'inia kwenye vidani, naye dada kwa utulivu wake akaitwa Taratibu, jina ambalo wengi wenu mmemjua nalo. Ila mzee Lenzi aliamini kwamba jiwe likilowa ufa hauonekani, kwa hiyo walisaga mawe makavu, bila maji, na jioni dada alirudi nyumbani nyusi nyeupe kama mpiga chokaa, nasi tukimcheka.

Mwezi Septemba 1981, mwalimu mmoja alileta opali aliyoachiwa na marehemu mama yake, akaomba ichongwe jani, na dada, kwa kuharakishwa, hakuichunguza, jiwe likapasuka vipande viwili mkononi mwake. Mzee Lenzi alimwambia aliunge kwa gundi, mwenyewe hatajua, lakini dada alivifunga vipande katika leso, akaenda kwa miguu hadi kwa yule mwalimu, akamweleza ukweli mlangoni. Mwalimu alivipokea, akamtazama, akafunga mlango bila neno, na hakurudi tena. Dada alinisimulia jambo hilo mara moja tu, akaniambia, "Angenitukana ningepata nafuu."

Tangu hapo hakununua jiwe kwa pupa. Alilishika dirishani, akaligeuza upande kwa upande aone kama bluu yake inatulia au inakimbia, akakagua ukingo asije akauziwa tabaka mbili zilizobandikwa, kisha akalikalisha rafuni miezi mitatu, maana opali yenye kasoro hukauka ikajipasua yenyewe. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, yeye aliongeza kwamba ufa wa opali hauzibiki, na ukuta wake haujengeki. Wateja aliwaonya kama watoto: liwe la mwisho kuvaliwa na la kwanza kuvuliwa, msilipulizie manukato, msiliache kando ya jiko, lifuteni kwa kitambaa laini na maji ya uvuguvugu, basi.

Mwaka 1984 fundi saa wa kibanda cha jirani, shemeji yangu huyu mnayemwona mbele, alimposa, naye akajibu, "Jiwe nalikalisha rafuni miezi mitatu, sembuse mwanamume?" Shemeji alikaa rafuni miezi tisa. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 15 Juni 1985, wakajaliwa binti mwaka 1987, na mwaka 1990 mtoto wa kiume aliyeishi siku tisa, ambaye leo tumemlaza dada kando yake. Mwaka 1996 alifungua karakana yake mwenyewe, akaweka bomba la kudondoshea maji juu ya gurudumu la kusagia, lakini vumbi la miaka ishirini na miwili lilikuwa limeshaingia.

Kikohozi kilianza mwaka 2015, na tarehe 20 Februari 2018 daktari wa kifua alituonyesha picha, mapafu yakiwa yamejaa makovu ya vumbi la mawe, akasema halitoki. Binti yake aliposema atashika kazi hiyo, dada alifunga karakana, akampa shemeji ufunguo, na mama na mwana hawakusemezana miezi kumi na moja, salamu zikipitia kwa fundi saa, akageuka posta.

Kisha Januari 2019 binti alikuja na barakoa usoni na jani la opali alilolichonga mwenyewe jikoni kwake, chini ya maji, akaliweka kiganjani mwa mama yake. Dada aliligeuza dirishani muda mrefu, akasema, "Ncha hii umeifinya mno, itavunjika ikiguswa na kola. Lete maji tuanze upya." Akafundisha kwa karibu miaka sita, akikaa kwenye kiti nje ya mlango wa karakana iliyofunguliwa tena, mtungi wa oksijeni ubavuni.

Asubuhi ya Jumanne, tarehe 12 Novemba 2024, akiwa wodini, alimuuliza binti yake ana kazi gani siku hiyo, binti akajibu kuna jiwe limetimiza miezi mitatu, safi, ila halina haraka, atabaki naye. Dada akamwambia, "Nenda ukalianze." Saa kumi alasiri alikata roho, akiwa na umri wa miaka sitini na minane, mumewe akimshika mkono, na binti yuko kwenye gurudumu.

Mwanangu, tangu Jumanne unajilaumu kwamba hukuwepo. Mimi mjomba wako nakuambia mbele ya watu hawa, ulikuwa pale alipokutuma.

Tunawashukuru daktari wa kifua na wauguzi waliomgeuza kitandani kwa upole, majirani waliobeba mitungi ngazi tatu bila kuombwa, na mafundi wenzake waliozima mashine zao leo wakaja na nguo za kazi.

Dada yangu, umepigania pumzi miaka mingi, sasa pumzika, kwa amani.