Mfereji Niliouchora Mimi

Wanangu, sogeeni, maana leo sauti yangu haifiki mbali. Wewe kitinda mimba wangu, uliyesomea kuchora majengo, tandaza ramani ya kituo kipya hapa juu ya shuka. Na wewe kaka yake, uliyerithi mkoba wangu wa kutibia wanyama, acha kwanza kunipima joto, unisikilize.

Ramani ni nzuri. Chumba cha upasuaji kina mwanga, mbwa wana ua wa kukimbilia, paka mmewatenga wasisumbuliwe na kubweka. Ila mbwa wagonjwa mmewaweka juu ya mteremko, palepale nilipowaweka mimi katika kituo cha zamani. Washusheni. Sababu yake nimeificha miaka kumi na tisa.

Mnaukumbuka mwaka ule wa kuhara damu, tulipozika mbwa thelathini na mmoja kwa juma moja. Nilisimama mbele ya wafanyakazi wote nikasema mhudumu wetu, yule tuliyemwita Mzee wa Ndoo, hakuosha mabanda kwa dawa, nikamfukuza papo hapo. Aliniambia tu, "Daktari, nimeosha. Njoo uone maji yanakokwenda."

Sikwenda. Nilikwenda miezi miwili baadaye, mvua ikinyesha, nikaona maji ya banda la wagonjwa yakiteremka katika mfereji wa wazi na kupita mbele ya pua za mbwa wazima. Mfereji huo niliuchora mimi kwa mkono wangu. Niliufukia kimyakimya, nikajenga mwingine, na yeye hakupata tena kazi ya wanyama, kwa kuwa kila alikobisha hodi maneno yangu yalikuwa yamemtangulia.

Basi shikeni haya. Kiwanja ni chenu wote wawili, msikigawe wala msikiuze. Wagonjwa wakae chini, wawe na mlango wao, mfereji wao uliofunikwa, na wahudumu wao wenye buti zao. Na kabla msingi haujachimbwa, Mzee wa Ndoo aikague ramani. Akisema hapana, binti yangu, usinune, chora upya.

Jana nilimtuma kaka yako akamtafute. Naona ananikonyeza kwamba amekuja, yuko sebuleni na wale waliokuja kuniona.

Radhi zangu mnazo, zote, sijabakiza... Nipeni maji kidogo. Niinueni, mto huo uwekeni mgongoni... hivyo. Mwambieni aingie. Msinisemee, nitasema mwenyewe. Na mlango... msiufunge, wa sebuleni wasikie.