Mama Mizani na Mtoto wa Kuazima

Miaka thelathini na mmoja si mchezo. Ijumaa tarehe 27, saa nane mchana, mhudumu wetu wa lishe, anayejulikana mji mzima kwa jina la Mama Mizani, atavua koti lake jeupe na kustaafu rasmi. Mpishi wa uji wa kituo chetu cha lishe ndiye aliyeombwa kuandika maneno haya, kwa hiyo chumvi ikizidi, mtusamehe.

Alianza kazi akiwa binti mwembamba, hata kina mama kwenye foleni wakamtania kwamba apande mizani yeye kwanza. Tangu hapo, kila mwezi amewapokea watoto wadogo wa kaya maskini zinazopata msaada. Humtundika mtoto kwenye mizani, kisha humzungushia mkononi utepe wa rangi tatu wa kupimia unene wa mkono. Kijani ni salama, njano ni tahadhari, na nyekundu ni utapiamlo mkali. Amekojolewa na nusu ya mji huu, na kila mara husema koti lilikuwa linangoja kufuliwa hata hivyo. Kalamu yake huitafuta kituo kizima huku imekaa sikioni. Na jamani, anavyoimba! Watoto wengi hulia kwa sababu ya wimbo, wala si mizani.

Lakini tusimpambe tukasahau kosa lake, maana mwenyewe hapendi lisahaulike. Mwaka wake wa sita kazini, aliwaambia kina mama hadharani, nusu utani nusu ukali, kwamba atakayeleta mtoto mwenye nyekundu ataeleza msaada anaupeleka wapi. Wote walicheka isipokuwa mama mmoja. Huyu alikuwa na binti wa miaka miwili aliyekuwa akinyong'onyea, na alijua akifutwa kwenye orodha ya msaada, wanawe wote watano watalala njaa. Basi akaazima mtoto wa jirani, mnene, mashavu tele, akawa anampeleka kupimwa kwa kadi ya bintiye. Miezi mitatu mfululizo kadi ikaandikwa kijani.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Mwezi wa nne mtoto wa kuazima, akiwa juu ya mizani, alimwona mama yake halisi kwenye foleni, akamnyooshea mikono na kumlilia. Kila mtu alijua kwamba mwongo kakamatwa na jina linafutwa.

Mama Mizani hakugusa orodha. Aliuliza tu yule mwenye kadi yuko wapi, akaongozana na mama hadi nyumbani. Alimkuta binti kwenye mkeka, utepe ukasoma nyekundu iliyokolea. Akavua koti, akamfunga nalo mgongoni, akatembea naye hadi hospitali. Siku kumi na tisa mtoto alilazwa, na kila jioni Mama Mizani akitoka kazini alipita wodini kumnywesha maziwa, kijiko kwa kijiko.

Mkutano uliofuata alisimama mbele ya kina mama wale wale akaomba radhi. Alisema ulimi wake ndio uliomficha mtoto yule. Kuanzia siku hiyo mwenye nyekundu hapangi foleni, na mama yake hukalishwa kwenye kiti cha Mama Mizani mwenyewe. Aliwasumbua wakubwa kwa barua miaka miwili, hadi ikakubaliwa kwamba mtoto akikonda, kaya haifutwi ng'o, bali hutembelewa. Na alipoingia majikoni aligundua jambo ambalo mizani haikumwambia: hata msaada ukifika, mdogo alikuwa akila sahani moja na kaka zake, na mwenye mkono mfupi hushiba mwisho. Ndiyo maana mkoba wake haukosi bakuli dogo la plastiki. Kila mtoto na bakuli lake. Wodi ya utapiamlo iliyokuwa ikijaa hadi sakafuni, siku hizi vitanda vyake vingi viko wazi.

Sasa niseme ukweli, ingawa wa zamani mnaujua. Mama aliyeazima mtoto ni mimi, mpishi wenu. Aliyenitafutia kazi hii ya uji ni yeye, akidai kwamba mtu mwenye hila kiasi kile hawezi kushindwa na sufuria. Nilimdanganya mchana kweupe, naye akambeba mwanangu. Nampenda, na sioni haya kuliandika.

Dada yangu, kwa niaba ya kituo chote, asante. Mungu akupe afya, usingizi wa asubuhi na makoti makavu. Ila Ijumaa usiondoke mapema. Binti yule wa mkekani sasa ni mama, na mtoto wa mwisho utakayempima atakuwa wake. Mpime bila wasiwasi: huyu hajaazimwa.