Mifuko Mitano ya Udongo Mweupe

Pale njia panda ya Keza, kwenye gogo la mkaratusi linalotazamana na maegesho ya bodaboda, wanaume hubishana mpaka birika likauke. Kahawa anaipika Jovina, ambaye kwa miaka thelathini amezipaka nyumba za kata hii udongo mweupe, na kwenye ubishi haulizwi kitu ila sukari. Asubuhi hiyo alikuwapo Frida, binti wa chuo, macho yamemvimba, mifuko mitano ya udongo huo, kila mmoja wa tabaka lake, miguuni pake. Mvua ya usiku ilikuwa imebomoa shimo alilochimba wiki mbili, ikafuta na lebo za mifuko mitatu.

Alikuwa amewaeleza yote. Bonde hili lilikuwa ziwa, na udongo huu ni maganda ya diatomu, mwani mdogo usioonekana kwa macho, yaliyozama tabaka juu ya tabaka. Kwa hadubini anaona maganda ya mviringo na mengine marefu. Lakini asipojua tabaka lipi lilitangulia, hawezi kusema umbo lipi lilizaa lipi, na kazi yake imekufa.

— Hayo ni mabaki ya gharika ya Nuhu, alisema Juvenali, aitwaye Mahakama kwa kuwa kila neno lake ni hukumu.

— Gharika wapi. Ni unga wa Wajerumani, waliufukia vita ilipowashinda, alijibu Projestus, waliyembandika jina la Profesa.

— Unga wenye maganda?

— Wahenga walisema, vyaelea vimeundwa. Hivi vidude vilielea. Basi kulikuwa na kiwanda.

— Kiwanda ziwani?

— Chini ya ziwa, Mahakama. Juu kingeonekana.

Jovina alifungua mdomo mara mbili. Mara mbili akanyooshewa kikombe akijaze. Akatua birika, akapiga magoti mbele ya mifuko.

— Mwanangu, funika hizo lebo mbili zilizobaki.

Akalowesha vidole, akapaka kila udongo kwenye gogo, akasubiri ukauke, akapangusa kwa upindo wa kanga. Wapakaji wanajua: udongo wa juu huchafua nguo ya anayeegemea ukuta, na kadiri unavyochimba ndivyo unavyong'ang'ania ukutani. Akaipanga mifuko mstari mmoja.

— Huu wa chini kabisa. Ule wa mwisho, wa juu.

Frida akafunua lebo. Tabaka la pili lilikuwa la pili, la nne lilikuwa la nne. Akatoa hadubini yake, akachungulia udongo wa mfuko baada ya mfuko: chini mviringo mtupu, katikati yameanza kurefuka, juu marefu.

— Mama, umeniokoa. Jina lako linatangulia kwenye kazi hii.

Jovina alijisikia mkubwa kuliko kata nzima.

Telesfori wa bodaboda, aliyekuja kumchukua Frida, akaitazama ile mifuko, kisha wale wazee.

— Shikamooni. Sasa mbona hamkumwuliza yeye tangu mwanzo?

Mahakama akamtazama Profesa. Profesa akatazama ndani ya kikombe, kitupu, akakinyoosha. Jovina alikiona, akakiacha hapo hewani. Alikuwa anamtajia Frida majina yake matatu ayaandike, taratibu, yasije yakakosewa.