Mzee Ishaq bin Abdallah na Mguu Uliotangulia

Tumekutana leo, hapa Matrah, Omani, tarehe 16 Machi 1970, kwa hitma ya arobaini ya Mzee Ishaq bin Abdallah. Kabla kisomo hakijaanza, tumtaje kwa wema wake na kwa utani wake, maana bila ya utani asingekuwa yeye. Mkewe, Bi Bakhita, yumo edani nyuma ya pazia na anasikia kila neno.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1882 mjini Bordeaux, Ufaransa, akaitwa Anatole. Baba yake alikuwa mtengenezaji wa mapipa.

Alisoma huko huko, kisha chuo cha biashara Paris. Masomo aliyapita kwa kusukumana. Kilichomkaa ni mbio fupi na raga, mchezo uliokuwa bado mgeni kwao, wa kukumbatia mpira na kukimbia nao huku wanaume wazima wakikurukia kiunoni. Mita mia alishinda mara nyingi. Kwenye raga alipoteza meno mawili ya mbele, na pengo hilo akijivunia kuliko medali zake.

Mwaka 1911 alifika Unguja kununua karafuu kwa niaba ya kampuni ya kwao. Jioni aliwafundisha vijana raga pale Mnazi Mmoja, nao walimcheka: mpira unarushwa nyuma, watu wanakwenda mbele!

Alisilimu mwaka 1926, na miaka miwili baadaye akamposa Bi Bakhita wa Malindi. Kaka yake, marehemu Thabit, akasema kwa mzaha, "Mzungu huyu kwanza anishinde mbio." Bwana harusi mtarajiwa, mtu wa miaka arobaini na sita, alikusanya kanzu mpaka magotini akamwacha Thabit mbali anahema. Bi Bakhita alikuwa anachungulia dirishani. "Mie n'liolewa na miguu," husema, "uso n'liuzoea baadae." Mwaka 1930 walijaaliwa binti yao, Shaikha.

Mwaka 1964 walitoka Unguja na nguo walizovaa, jamaa wakawapokea hapa Matrah. Marehemu akawa anashinda dukani kwa Ghanim, mtoto wa dada yake Bi Bakhita, akiwatania wapita njia wanaojikokota.

Sukari ilimsumbua miaka mingi. Agosti 1969 kidole cha mguu wa kulia kiligeuka cheusi, na daktari akasema mguu usipokatwa atakufa. Akakataa katakata. Bi Bakhita alimbembeleza, akalia, akaacha kula. Mwisho mzee akasema, "Haya, Mama Shaikha, naukatwe. Lakini nnataka ahadi yako. Nikifa, nizikwe nao pamoja." Akamuahidi. Angefanyaje? Kwetu mwanamke hendi kuzika, na ahadi ile ilikuwa ya kutimiziwa na wengine.

Mguu ulikatwa tarehe 3 Septemba. Ghanim aliufunga sanda na kuufukia makaburini, kama ilivyo desturi. Kaburi la mwanamme hapa huwekwa mawe mawili, la mwanamke matatu. La mguu hakuna aliyejua. Ghanim akaona moja litatosha.

Marehemu alifariki adhuhuri ya tarehe 5 Februari 1970, mkono wake umo mkononi mwa mkewe. Wanaume walipokwenda kuchimba, jiwe hawakuliona. Jiwe moja peke yake halimwambii mtu kitu. Yumkini wazishi wengine waliliokota wakakamilishia kaburi la maiti wao. Wakachimba hapa, wakachimba pale, mpaka wakaogopa kufukua wafu wa watu. Maiti hangojeshwi. Wakamzika palipokuwa na nafasi.

Ghanim alirudi kanzu imejaa vumbi, akasimama mlangoni.

"Khalti, hatukuuona."

"Mmetafuta vizuri?"

"Wallahi tumetafuta."

"Basi nipelekeni mie."

"Khalti, umo edani."

Bi Bakhita hakulia. Alikaa juu ya mkeka na mikono mitupu.

Marehemu ameacha mjane, Bi Bakhita, binti, Shaikha, mkwe, Majid, na wajukuu watatu. Amemwacha na Ghanim, ambaye kila baada ya sala ya asubuhi huenda makaburini akapapasa ardhi kwa viganja. Tumemwambia aache, hasikii.

Mola amghufirie Mzee Ishaq na amlaze pema. Sisi tulishindwa kumkusanya. Yeye ndiye atakayemkusanya. Amin.